Mara ya Kwanza Dar kwa Biashara: Usiamue Kitu Siku ya Kwanza

Wageni wa biashara wanaotujia kutoka Nairobi, Kampala, Bujumbura na Lubumbashi huuliza maswali yale yale. Nifikie wapi? Teksi nilipe ngapi? Mbona yule bwana alisema "kesho" na kesho ikapita kimya? Nimeyakusanya majibu mahali pamoja kwa ajili ya anayekuja Dar es Salaam kikazi kwa mara ya kwanza, kwa siku tatu mpaka wiki moja hivi. Kama unatafuta fukwe na boti za Zanzibar, hapa sipo.

Kabla ya yote, shika hili: siku ya kwanza usisaini, usilipe, usikatae. Ukitoka tu kwenye jengo la uwanja wa ndege joto linakuvaa, foleni ya Barabara ya Nyerere haisogei, na watu wanasalimiana kwa kirefu huku wewe unaangalia saa. Wageni wengi huhukumu papo hapo kwamba mji huu ni mzito na watu wake hawana shida na pesa. Wengine hulainishwa na ukarimu, wakatoa malipo ya awali jioni ile ile kwa mtu waliyemjua mchana. Nimeona makundi yote mawili yakirudi nyumbani mikono mitupu. Hatua zifuatazo nimezipanga ili ulale usiku mmoja kabla hujaamua jambo lolote kubwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

- Pasipoti iliyo hai. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamezoea kuvukiana mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa Tanzania usikitegemee.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano.
- Barua ya utambulisho yenye nembo na muhuri wa kampuni yako, nakala tatu au nne. Ofisi nyingi za Dar, za serikali na hata za binafsi, hazikupi jambo la maana bila karatasi yenye muhuri.
- Barua ya mwaliko, au angalau jina na namba ya mwenyeji wako. Uhamiaji wakikuuliza umekuja kufanya nini, sema kweli: nimekuja kwa vikao, au kununua bidhaa. Kuajiriwa au kufungua biashara ni jambo lenye vibali vyake.
- Nguo nyepesi za heshima. Mashati ya pamba, si suti za sufu. Beba mashati mengi kuliko siku utakazokaa, kwa sababu la asubuhi halifiki jioni.
- Dawa ya kufukuza mbu. Anayetoka nyanda za juu kama Nairobi asiipuuze malaria ya pwani.
- Mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.
- Kama unatoka Burundi, Rwanda au Lubumbashi, sogeza saa yako mbele kwa saa moja.

Angalia pia kalenda. Kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai kuna maonesho ya biashara ya Sabasaba kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa. Ukija kwa maonesho ni msimu wako. Ukija kwa mengine, vyumba ni vya kugombania na barabara ya upande ule inajaa. Masika, kati ya Machi na Mei, mvua kubwa hufunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, na mji unakatika vipande viwili. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kupumua, joto limepungua. Ramadhani kazi zinaendelea, lakini vikao viweke asubuhi.

Hatua ya 1: Panga vikao kwenye ramani, ndipo utafute chumba

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, tena kabla mtu hajapanda ndege. Mgeni anaona hoteli nzuri Mbezi Beach, bei nafuu, bahari ipo, analipia. Kumbe vikao vyake vyote viko Posta, katikati ya mji, na Kurasini, bandarini. Kila siku atatumia saa mbili kwenda na nyingine mbili kurudi, na kikao cha tatu atakuwa akikifuta kila siku.

Dar imegawanyika kikazi, na mgawanyo huu ukiujua utatulia:

Posta na Kivukoni ni benki, bima, mawakili na mamlaka mbalimbali. Kurasini na eneo la bandari ni mizigo, mawakala wa forodha na maghala. Kariakoo ni jumla na rejareja ya karibu kila kitu. Barabara ya Nyerere, kuanzia Chang'ombe hadi Vingunguti na Kipawa, ni viwanda. Masaki na Oysterbay ni balozi, mashirika ya kimataifa na wafadhili. Mikocheni, Kijitonyama na Victoria ni kampuni za simu, vyombo vya habari na ofisi changa zilizokimbia kodi za Posta.

Andika vikao vyako vyote, weka alama kila kilipo, kisha lala pale penye alama nyingi. Mfanyabiashara wa Kariakoo alale Kariakoo au Kisutu, hata kama chumba ni cha kawaida. Mwenye vikao vya Masaki asilale Sinza eti kwa kuokoa pesa kidogo.

Ukipiga simu kuulizia chumba, uliza mambo manne: jenereta ipo umeme ukikatika? Maji yanatoka muda wote? Kuna kiyoyozi au feni tu? Chandarua kipo?

Tahadhari moja kubwa kuhusu ofisi za serikali: wizara zimehamia Dodoma. Kila mwaka kuna mgeni anayefika Dar kumwona mkurugenzi wa wizara ambaye ofisi yake iko Mtumba, Dodoma. Piga simu kwanza, uulize huyo unayemtaka anakaa mji gani. Ikibidi kwenda, treni ya umeme ya SGR ilianza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024 na imerahisisha sana. Kata tiketi mapema, hasa ya Ijumaa na Jumapili.

Hatua ya 2: Ukifika, maliza mambo mawili tu: laini na pesa

Ndege nyingi za kimataifa zinatua Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere. Laini ya simu unaweza kuipata hapo hapo. Wanasajili kwa pasipoti na alama za vidole, kwa hiyo fanya mwenyewe. Usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata kama anayekupa ni mwenyeji wako.

Fungua pesa za simu siku hiyo hiyo: M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. M-Pesa uliyonayo Kenya na hii ya hapa ni akaunti mbili tofauti. Dukani utaona kibao cha Lipa Namba, yaani namba ya duka ya kulipia kwa simu. Lipa kwa hiyo. Mtu akikuambia "tuma na ya kutolea," anataka uongeze gharama ya yeye kutoa pesa kwa wakala. Si utapeli, ni desturi, ila jua kwamba unaweza kuomba Lipa Namba badala yake.

Badilisha kiasi cha kuanzia tu, benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, na utunze risiti. Noti kubwa kabisa ni ya 10,000, kwa hiyo pesa ya bidhaa inajaza mkoba, zipitishe benki. Kwa anayetoka Kenya, hesabu ya haraka ni kugawanya kwa 20, kwani shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza karibu na 20 za hapa. Usiwe unataja bei kwa dola. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, na muuzaji anayeng'ang'ania dola kwa bidhaa ya dukani ni wa kumwogopa.

Wanaokuja kwa basi kutoka Namanga, Holili au Horohoro: stendi kuu sasa ni ya Magufuli, Mbezi Luis. Anayekwambia utashukia Ubungo ana habari za zamani. Mbezi Luis ni mbali na mjini, na basi likiingia usiku mkubwa ni afadhali ulale jirani uingie mjini asubuhi.

Hatua ya 3: Jifunze foleni kabla ya barabara

Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, mji wote unaelekea Posta na Kariakoo. Jioni, kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku, unarudi. Usiweke kikao cha saa tatu kamili mjini kama unalala nje ya mji. Vikao viwili kwa siku vinatosha. Vitatu viwe eneo moja.

Gari la kuita kwa programu ya simu, kama Bolt, ndiyo njia ya uhakika kwa mgeni. Dereva atakupigia akuulize unaenda wapi na unalipa taslimu au vipi. Mjibu kwa upole, ni kawaida yao. Akitaka bei tofauti na iliyoonekana kwenye simu, ghairi uite mwingine, bila ugomvi.

Bajaji ni nzuri kwa safari fupi. Bodaboda inaokoa kikao wakati foleni imeganda, lakini dai kofia ngumu, na mwambie dereva kabla hamjaondoka kwamba huna haraka. Mwendokasi, mabasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yana njia yao peke yao, na saa za foleni hupita magari yote. Shida ni msongamano ndani. Asubuhi kutoka Kimara usijaribu ukiwa na kompyuta na shati jeupe.

Ukienda upande wa Masaki kutoka mjini, mwambie dereva apite Daraja la Tanzanite. Kwenda Kigamboni, ng'ambo ya bandari, kuna kivuko cha Feri na kuna Daraja la Nyerere. Asubuhi na jioni uliza watu wa hapo upande upi unasogea.

Usitoe simu nje ya dirisha, na kwenye bajaji ishike upande wa ndani. Wapo wanaopora kwa pikipiki, na mgeni anayefuata ramani mkononi ndiye wanayemtafuta.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza tembea, sikiliza, kula

Hili wageni hulipuuza, na mimi ndilo ningelipa uzito kuliko yote. Amka mapema, kabla jua halijakaza. Tembea Mtaa wa Samora kutoka Sanamu ya Askari, shuka mpaka Kivukoni, endelea hadi soko la samaki la Feri wakati mnada umechangamka. Pale ndipo utaona kwamba dhana ya mji usio na haraka haina ukweli. Bei zinatajwa na kufungwa kabla hujajua nani kanunua. Kinachokwenda taratibu Dar ni kumjua mtu; ukishajulikana, mambo yanakimbia.

Kunywa supu na chapati kwa mama ntilie mwenye wateja wengi. Kaa kwenye benchi la kahawa, salimia, sikiliza wanavyozungumza kuhusu Simba na Yanga, na usichague upande siku hiyo. Ukiulizwa umetoka wapi, jibu na uulize nawe. Habari za bei ya usafirishaji, ghala lipi lina nafasi, nani analipa kwa wakati, zinapatikana pale kabla hazijafika ofisini.

Piga picha kwa kiasi. Ikulu, bandari, kambi za jeshi na polisi usielekeze kamera kabisa.

Hatua ya 5: Kikao cha kwanza ni cha kujuana

1. Fika mapema, ukiwa umeshapoa jasho. Keti mapokezi, kunywa maji, futa uso.
2. Salimia kila mtu, kuanzia mlinzi. Aliyekuzidi umri mpe shikamoo, hata kama wewe ndiye mteja na yeye ndiye mhudumu. Kisha habari za nyumbani, za safari, za kazi. Usikatishe.
3. Omba, usiamrishe. "Naomba kumwona Mheshimiwa," "naomba chai," "samahani, nilikuwa naulizia." Wenzetu mliozoea "nipe" na "leta" hamna nia mbaya, lakini hapa mnaonekana mna hasira.
4. Mwite mtu kwa heshima yake: Mzee, Mama, Kaka, Dada, au kwa cheo chake. Jina tupu mpaka akuruhusu.
5. Toa barua yako kwa mikono miwili au kwa mkono wa kulia. Eleza shida yako kwa ufupi, mwachie aulize.
6. Bei ikija mapema, sema unaikaribisha lakini ungependa kuona bidhaa, ghala au karakana kwanza.
7. Kabla ya kutoka, kubalianeni jambo moja dogo lenye siku na saa: "Kesho saa nne asubuhi nikupigie nipate profoma." Ahadi ndogo inapimika, na kutoka kwayo utajua unashughulika na mtu wa namna gani.

Kosa linalojirudia hapa ni kusikia kukubaliwa mahali ambapo hujakubaliwa. Mtu wa Dar haoni raha kukukatalia usoni. Akisema "tutaangalia," "usijali" au "hakuna shida" bila kutaja siku, bado hajaamua. Akikutajia jina la mtu wa kuonana naye, akakupa namba, akampigia ukiwa umekaa hapo hapo, hiyo ni ndiyo.

Ijumaa mchana, kati ya saa sita na nusu na saa nane, usiweke kikao. Wengi wanakwenda msikitini.

Hatua ya 6: Kama unanunua Kariakoo

Zunguka siku nzima bila kununua. Mtaa wa Kongo una nguo, Gerezani utapata vifaa na vipuri, na mitumba iko Karume, Ilala. Wauzaji wa jumla wengi wako ghorofani. Duka la chini ni sampuli. Uliza "bei ya jumla kuanzia ngapi?" na upande ngazi uone mzigo wenyewe.

Vijana watakufuata wakitaka kukupeleka dukani. Ni madalali, na asilimia yao imo ndani ya bei utakayotajiwa. Ukitaka msaada wao mkubaliane malipo mapema. Usipotaka, sema "ahsante kaka, nina mwenyeji" na uendelee kutembea.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kila unaponunua. Ina TIN (namba ya mlipakodi) ya muuzaji, na bila risiti hiyo mzigo wako hauna mzazi mbele ya ofisa wa TRA, mamlaka ya mapato, njiani. Bei ya mdomo mara nyingi ni ya "bila risiti". Uliza tangu mwanzo kama VAT ya asilimia 18 imo. Na usidhani cheti cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kitakuokoa mpakani: kinahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na sehemu kubwa ya Kariakoo inatoka China.

Kampuni usiyoijua, tafuta jina lake kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa kusajili kampuni, kabla ya kutuma senti. Akaunti ya benki iwe ya kampuni, si ya "mhasibu wetu."

Anayefikiria kubaki na kufungua duka asome kwanza amri ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo rejareja, uwakala wa pesa za simu, ufundi wa simu na uwakala wa forodha. Mwone wakili, asikudanganye mtu wa mtaani kwamba utaandikisha kwa jina lake.

Ukikwama

*Mwenyeji hapokei simu.* Tuma ujumbe mfupi wenye salamu, subiri mpaka mchana, kisha nenda ofisini kwake mwenyewe. Kuonekana sura kuna nguvu kuliko simu kumi.

*Mkanganyiko wa saa.* Mtu akiandika "tuonane saa 4," muulize asubuhi au jioni, na kama ni saa nne yetu au ya kimombo. Walioishi nje huchanganya.

*Umeugua homa.* Usinunue dawa kwa kubahatisha. Pima malaria hospitali au zahanati yoyote siku hiyo hiyo. Majibu hayachukui muda. Ukishafika kwenu, homa ikitokea ndani ya wiki kadhaa, mwambie daktari ulikuwa pwani.

*Umeibiwa.* Polisi ni 112. Nenda kituo cha karibu uchukue ripoti ya upotevu. Bila hiyo itakuwa vigumu kupata laini mpya au hati ya dharura ya kusafiria ubalozini. Mpigie mtoa huduma afunge pesa za simu kabla hata ya kwenda kituoni.

*Mvua imeziba Jangwani na una kikao upande wa pili.* Piga simu useme uko wapi. Hakuna atakayekulaumu, na yeye mwenyewe pengine amekwama. Omba kikao kifanyike kwa simu, au mkisogeze hadi kesho asubuhi.

*Unataka kujua kama ulichokiona siku ya kwanza ni kweli.* Siku ya tatu rudia kumtembelea mtu mmoja uliyekutana naye mwanzo, bila ajenda, dakika kumi tu. Linganisha bei aliyokupa ile siku na atakayokupa sasa. Ikishuka, endelea naye. Ikipanda, tafuta mwingine. Mji una wauzaji wengi.

*Ndege ni saa kumi na mbili jioni na uko Posta.* Ondoka saa saba mchana. Uwanja uko kilomita kama 12 tu, lakini Barabara ya Nyerere haijali hilo. Kukiwa na msafara wa viongozi, barabara hufungwa bila taarifa. Kwa hiyo kikao cha siku ya kuondoka kiwe cha asubuhi, na mizigo iwe tayari mapokezi.